Mzazi Asiachwe Peke Yake

Mtoto akizaliwa kwetu, habari hutembea upesi kuliko miguu. Majirani huja na kuni, unga, ndizi na sabuni. Wanawake huingia chumbani wakipiga vigelegele, na wanaume hubaki uani wakimpongeza baba. Kila ajaye huuliza: "Ni mwanamume au mwanamke?" Kisha huuliza: "Ananyonya vizuri?" Hayo ni maswali mema. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomgeukia mama mwenyewe, wakaketi kando yake na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Na wewe, mama, moyo wako u hali gani?"

Wasomaji wapendwa, swali hilo ni dogo. Hata hivyo twataka kuwaonyesha leo ya kuwa laweza kuokoa mama, na mtoto, na ndoa yao pia.

Mfano wa mama mmoja

Tutoe mfano. Mama wa mfano huu hatumpi jina, kwa sababu wa namna yake wamo katika mitaa mingi ya miji yetu ya Kivu, na katika kambi za wakimbizi.

Mama huyo alikuwa na mimba ya miezi saba vita vilipofika kijijini kwake. Alikimbia usiku akimshika mkono mtoto wake wa kwanza, akaona njiani mambo ambayo hajamsimulia mtu yeyote. Sasa amejifungua mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, karibu na mama mkwe wake. Mtoto ni mzima. Watu wote wanamwambia: "Umshukuru Mungu!" Naye anaitika: "Ndiyo, namshukuru."

Lakini juma la tatu limepita, na mama huyo hacheki. Mtoto akilala, yeye halali; hukaa macho gizani akisikiliza kila mlio. Chakula hakina ladha kinywani mwake. Humnyonyesha mtoto, lakini humtazama kama mtu anayetunza mtoto wa jirani, na moyoni hujilaumu: "Mimi ni mama wa namna gani?" Mlango ukigongwa kwa nguvu, mwili wake wote hutetemeka.

Mama mkwe asema: "Wasichana wa siku hizi ni wavivu." Jirani mmoja anong'ona ya kuwa amerogwa. Mwingine ampeleka kwenye chumba cha maombi, na huko aamriwa kufunga siku tatu bila chakula ili pepo amtoke. Bwana wake hajui aseme nini. Basi anyamaza, na kila siku achelewa zaidi kurudi nyumbani. Maziwa yapungua. Siku ya kupima watoto, mwuguzi aona ya kuwa uzito wa mtoto haukuongezeka. Ampa mama unga wa uji, aandika hesabu kwenye karatasi, amwita mwingine. Mama mwenyewe hakuna aliyemwuliza neno.

Jioni moja, akikunja nepi za mtoto, asema kwa sauti ndogo kama mtu anayejisemea: "Ingekuwa heri nisiamke kesho."

Tutarudi kwa mama huyo. Kwanza inafaa tujue anaumwa nini.

Machozi ya siku chache na ugonjwa wa kweli

Wazazi wengi hulia siku za kwanza. Kwa kawaida machozi hayo huanza siku ya tatu hivi baada ya kujifungua. Zile homoni zilizotunza mimba hushuka ghafula mara kondo la nyuma linapotoka. Juu ya hayo kuna uchovu, maumivu, na usingizi uliokatwakatwa. Mama hulia bila kujua sababu, na baada ya saa moja hucheka. Huo si ugonjwa. Apumzike, ale vizuri, asaidiwe kazi. Kabla ya majuma mawili kupita, hali hiyo huisha yenyewe.

Lakini huzuni ikipita majuma mawili na kuzidi kuwa nzito, hayo si machozi ya kawaida tena. Ni ugonjwa ambao wataalamu huuita sonona, na watu wetu husema tu: "Ana mawazo mengi." Waweza kuanza wakati wa mimba, au majuma machache baada ya kuzaa, au hata miezi kadhaa baadaye. Dalili zake ni hizi: huzuni ya kila siku, kutofurahia lolote, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kukosa hamu ya kula, hasira za ghafula, kujiona hafai kitu, hofu nyingi juu ya mtoto, au kinyume chake, kutomjali, na mwishoni mawazo ya kifo.

Msidhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa ulimwenguni kote, katika wanawake mia moja waliojifungua, 13 hivi hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea, hesabu hiyo inakaribia 20 katika mia. Basi fikirini: katika kila wazazi watano mnaowapelekea sabuni na unga, huenda mmoja analia ndani kwa ndani.

Wala mama haumwi peke yake. Mama mwenye huzuni nzito hukosa nguvu za kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, kuchemsha maji, kumpeleka kwenye chanjo, kuzungumza naye na kumchekea. Mtoto mchanga hujifunza ulimwengu katika uso wa mama yake. Uso huo ukifungwa, naye hudhoofika. Ndiyo sababu mwuguzi aliyepima mtoto katika mfano wetu aliona matokeo ya ugonjwa, lakini ugonjwa wenyewe hakuuona.

Jeraha lisiloonekana

Mama wa mfano wetu ana mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Vita vimemjeruhi, na jeraha hilo halitoi damu.

Tangu mwaka 1996, Mashariki ya Kongo imepitiwa na vita juu ya vita. Watu wameona nyumba zikiteketea, ndugu wakiuawa, wanawake wakifanyiwa jeuri. Mtu aliyepatwa na tisho kubwa hufanana na nyumba iliyovamiwa na wezi. Mbwa wa nyumba hiyo, tangu usiku ule, hubwekea kila jani linaloanguka. Mbwa huyo si mbaya. Alijifunza hatari, na sasa hajui ya kuwa wezi wamekwenda. Ndivyo ulivyo mwili wa mtu mwenye jeraha la moyo. Harufu ya moshi, mlio wa buti, sauti ya mwanamume mwenye hasira, na mara yote yaliyopita yamrudia kana kwamba yanatendeka sasa. Huota ndoto mbaya. Huepa mahali na watu wanaomkumbusha. Hushtuka upesi, hukasirika upesi, au hukaa kama mti usiosikia baridi wala joto.

Wengi waliopatwa na misiba ya namna hiyo hupona polepole wakiwa katikati ya watu wanaowapenda. Lakini kama mwezi mmoja umepita na mambo hayo bado yanamsumbua na kumzuia kuishi, yafaa atafutiwe msaada, sawasawa na mtu ambaye mfupa wake uliovunjika haukuunga.

Tena mjue neno hili, hasa ninyi waaguzi na wakunga: kuzaa kwenyewe kwaweza kuliamsha jeraha la zamani. Mwanamke amelazwa, haruhusiwi kuondoka, watu asiowajua wamgusa na kumwamuru. Kama zamani alifanyiwa jeuri, mwili wake wakumbuka kabla hata ya akili. Ndipo hukakamaa, au husukuma mkono wa mkunga, na watu husema: "Mkaidi huyu!" Si ukaidi. Basi mwambieni mnalotaka kufanya kabla ya kumgusa. Ombeni ruhusa yake. Mfunikeni kwa kitambaa. Mruhusuni, inapowezekana, akae na mwanamke anayemwamini. Mambo hayo hayagharimu hata faranga moja.

Na kama mtoto aliyezaliwa ni tunda la jeuri ya vita? Hapo msalaba ni mzito zaidi. Tuseme wazi: mama hana kosa, na mtoto hana kosa. Yeyote anayempa mtoto huyo jina la matusi, au kumwita mwana wa adui, amrushia jiwe mtu asiye na hatia. Mama wa namna hiyo aweza kumpenda mtoto leo na kushindwa kumtazama kesho. Asihukumiwe. Asaidiwe.

Siku ya tarehe 1 Februari 2023, marehemu Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, aliwapokea watu waliojeruhiwa na vita vya Mashariki. Papa hakuanza kwa kuhubiri. Alikaa akawasikiliza kwanza, mmoja baada ya mwingine, wakisimulia yaliyowapata; ndipo akasema. Hapo wakristu wote wana mfano wa kufuata.

Maneno yanayoongeza ugonjwa

Tumkumbuke Yobu. Rafiki zake watatu waliposikia msiba wake walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Siku hizo saba walikuwa wafariji wa kweli. Makosa yao yalianza walipofungua kinywa na kutafuta dhambi iliyosababisha msiba. Mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea.

Nasi mara ngapi twafanana nao! Twasema: "Ni mvivu." "Amekosa imani." "Wenzake wote wanazaa, mbona yeye?" Hata yale maneno mema, "Umshukuru Mungu," yaweza kuwa kama mkono unaofunga kinywa cha mgonjwa. Mama aona ya kuwa akisema huzuni yake, ataonekana hana shukrani. Basi anyamaza, na ugonjwa wakua katika kimya.

Wengine husema ni uchawi. Kumbukeni matunda ya neno hilo. Mara huonyeshwa shangazi, mara mama mkwe, mara mtoto mdogo wa nyumbani. Jamaa yagawanyika, na mgonjwa, aliyehitaji watu kumzunguka, abaki na watu wachache kuliko kwanza. Wengine humfunga kamba au humpiga ili pepo atoke. Huo ni ukatili, wala jina la Mungu lisitajwe juu yake.

Na kufunga chakula? Kanisa halimlazimishi mgonjwa wala mama anyonyeshaye kufunga. Mzazi mwenye huzuni nzito ahitaji chakula zaidi, si pungufu. Sala ni njema sana. Komunyo Takatifu na Mpako wa Wagonjwa ni nguvu kwa mwenye imani. Lakini sala na dawa ni kama mikono miwili ya mtu mmoja. Haifai mmoja uukate mwingine. Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, yatufundisha kumheshimu mganga na dawa kwa sababu vyote viwili vyatoka kwa Mungu.

Yaliyojaribiwa na kuonekana

Huenda msomaji mmoja atauliza: "Je, nani atawatibu? Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache sana katika Kongo, na wengi wao wako mijini." Ni kweli. Lakini sikilizeni yaliyojaribiwa na watu maskini kama sisi.

Katika vijiji vya Rawalpindi, huko Pakistan, Daktari Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wa afya wa vijijini jinsi ya kuwatembelea wanawake wenye mimba waliokuwa na sonona. Wanawake hao hawakuwa madaktari. Walianza ziara mwezi wa mwisho wa mimba, wakaendelea mwaka wa kwanza wa mtoto. Waliketi na mama, wakamsikiliza, wakamsaidia kuyachungua mawazo yanayomwangusha na kuweka mengine mema mahali pake, na kupanga kazi ndogo ambayo ataiweza juma hilo. Waliwahimiza pia watu wa nyumbani wamsaidie. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, mama waliotembelewa kwa njia hiyo walibaki na sonona 23 katika mia. Wale wengine, waliopata ziara za kawaida tu, walikuwa 53 katika mia. Tena watoto wa wale wa kwanza waliharisha mara chache zaidi na wengi zaidi walimaliza chanjo.

Wala tusisafiri mbali. Hapa kwetu Kivu, katika vijiji 15, wanawake 405 waliofanyiwa jeuri walisaidiwa kwa njia mbili. Katika vijiji vingine kila mwanamke alipata mtu wa kumsikiliza peke yake alipohitaji. Katika vijiji vingine wanawake walikutana kwa makundi madogo, juma kwa juma, wakiongozwa na wasaidizi wa kule kule waliofundishwa kazi hiyo. Walijifunza kulikamata wazo kama "kosa ni langu" au "mimi si kitu tena", kulitazama, na kuuliza: "Je, wazo hili ni kweli?" Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Njia zote mbili ziliwafaa wanawake. Lakini miezi sita baada ya mafundisho, katika wale wa makundi, ni 9 tu katika mia walioonekana kuwa bado na sonona au hofu ya kupita kiasi. Kwa wengine walikuwa 42 katika mia. Tena vita havikuwa vimekwisha, na wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma. Kupona kuliwezekana katikati ya matata.

Na katika Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi pamoja kwenye benchi la mbao, nje ya kituo cha afya. Washona huuita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya "kufikiri mno". Je, si sawa na "mawazo mengi" ya kwetu? Benchi, nyanya, sikio lililofundishwa: hizo ndizo dawa walizoanza nazo, na kazi hiyo imeenea mahali pengi.

Kongo nayo ina watu waliotangulia njia hii. Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alijifunza upesi ya kuwa kuushona mwili hakutoshi. Ndiyo sababu huko Panzi mwanamke hutunzwa kwa njia nne: mwili wake, moyo wake, kazi ya kumlisha, na haki yake mbele ya sheria. Kule Dungu, Sista Angélique Namaika, ambaye mwenyewe alipata kuwa mkimbizi mwaka 2009, aliwakusanya wanawake waliotoroka mikononi mwa waasi wa LRA. Aliwafundisha kusoma, kushona na kuoka mikate, huku akiwafariji kama dada. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Nao Mabruda waitwao Frères de la Charité, ambao shirika lao lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1807 na Padri Triest, wamefungua nyumba za kutibu magonjwa ya akili hata katika miji yetu, kama SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Anayekwenda huko haendi kwa "wenda wazimu". Anakwenda kutibiwa, kama vile mwenye malaria anavyokwenda hospitali.

Kazi ya kila mmoja

Wewe bwana, ndiwe wa kwanza. Kimya chako bibi yako hukidhania kuwa ni hasira au dharau. Rudi nyumbani mapema. Mshike mtoto jioni ili mama apate kulala saa nne au tano mfululizo. Usingizi huo una nguvu kuliko zawadi nyingi. Chota maji, wala usione haya mbele ya wenzako. Mtakatifu Yosefu hakuona haya kumtunza Maria na Mtoto njiani kwenda Misri. Usimharakishe mambo ya chumbani kabla mwili na moyo wake havijawa tayari. Na siku akilia, usimwambie "nyamaza". Mwambie: "Niko hapa. Huu ni ugonjwa, nao utapona. Tutakwenda pamoja."

Wewe mama mkwe, na ninyi mama wakubwa, kumbukeni desturi njema za wazee wetu. Mzazi hakushika jembe wala mtungi siku za kwanza. Alipikiwa uji, akakandwa kwa maji ya moto, akazungukwa na wanawake. Wazee walijua ya kuwa mzazi naye amezaliwa upya na anahitaji kulelewa. Siku hizi, kwa sababu ya vita na maisha ya mjini, wengi hujifungua mbali na mama zao. Bikira Maria aliposikia habari za Elizabeti, hakutuma salamu tu. Alikwenda mwenyewe, akakaa naye kama miezi mitatu. Mkaza mwana wako ambaye hana mama karibu, wewe ndiwe mama yake.

Ninyi waaguzi, siku ya kupima mtoto mpimeni mama pia. Tangu mwaka 1987 kuna orodha ya maswali kumi, iliyotungwa Edinburgh na Daktari John Cox na wenzake, nayo hutumika katika nchi nyingi. Kama hamna karatasi hiyo, ulizeni hata mawili: "Katika majuma mawili haya, je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara nyingi? Yale yaliyokuwa yakikufurahisha, je, bado yanakufurahisha?" Kisha ngojeni jibu. Msiandike huku anasema.

Na sisi wakristu wa jumuiya ndogo, ambazo wengi wetu huziita mashirika, tuwe na watu wawili wa kutembelea kila mzazi, si siku ya kwanza tu bali juma la tatu, juma la sita, na mwezi wa tatu, wakati majirani wamekwisha kumsahau. Wachaguliwe wanawake wenye kutunza siri. Siri ikitoka mara moja, hakuna mama atakayesema tena.

Wakati wa kutongojea

Kuna hali ambazo hazingoji kesho. Mzazi akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine. Akisema mambo yasiyo na maana. Akikaa siku kadhaa bila kulala wala kuchoka. Akidai ya kuwa mtoto si mtoto au ya kuwa ameamriwa kumdhuru. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Ugonjwa huo huwapata mmoja au wawili katika wazazi elfu moja, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Ni wa kutisha, lakini hutibika.

Na yule anayesema anataka kufa? Usigeuze maneno yawe mzaha. Wengi huogopa kumwuliza, wakidhani watampandikizia wazo hilo. Si kweli. Mwulize waziwazi na kwa upole: "Je, unafikiri kujiua?" Kuuliza hivyo humpunguzia mzigo. Kaa naye, ondoa dawa za kuua wadudu, visu na kamba karibu yake, na mpeleke kwa daktari.

Daktari akiona inafaa, atampa dawa. Amwambie ya kuwa ananyonyesha, naye atachagua dawa inayofaa kwa mama na mtoto. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Asiache kwa sababu siku tatu zimepita bila nafuu, wala asiache mwenyewe siku anapoona amepona.

Mkate na usingizi

Nabii Elia, mtu wa Mungu mwenye nguvu, siku moja alikimbia jangwani akaketi chini ya mti, akaomba kufa. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea kwa ukosefu wa imani. Hakumwamuru kufunga. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Ndipo baadaye, polepole, Mungu akasema naye kwa sauti ndogo na tulivu. Usingizi, chakula, mkono wa kugusa, na neno mwishoni: huo ndio utaratibu wa Mungu mwenyewe.

Tumrudie basi mama wa mfano wetu. Jioni ile aliposema maneno yale mazito, mlangoni palikuwa na nyanya mmoja wa jumuiya, aliyeleta mboga. Nyanya huyo angeweza kusema: "Usiseme hivyo, ni dhambi!" Hakusema. Aliweka mboga chini, akaketi mkekani, akamchukua mtoto mapajani mwake.

"Mwanangu," alisema, "umechoka hata unataka kufa?"

Mama akalia muda mrefu, na nyanya hakumkatiza. Usiku ule nyanya alibaki. Alimwita bwana nje, akamweleza. Asubuhi walikwenda watatu kwenye kituo cha afya, na bwana ndiye aliyembeba mtoto.

Mama huyo hatapona kwa siku moja. Lakini kuanzia asubuhi ile hakuwa peke yake, na hapo ndipo kupona huanzia. Ewe msomaji, katika mtaa wako yuko mzazi aliyejifungua mwezi huu. Sabuni umekwisha kumpelekea. Rudi tena juma hili, uketi, umwulize lile swali dogo, na ungoje jibu.